Vikoba vivunjwe Januari, si Desemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nichangie makala yenu kuhusu matumizi ya sikukuu, ile iliyotutaka tuandike bajeti, tuepuke anasa na tuweke akiba. Sina ugomvi na aliyeiandika. Ila mimi nina duka la rejareja hapa Kiwalani, Dar es Salaam, na nikiwa nyuma ya kaunta naona hela za watu zinavyoingia na zinavyotoka. Kwa ninavyoona, ushauri ule unamfaa mtu mwenye mshahara na droo ya kutunzia makaratasi. Wateja wangu wengi droo hawana. Wana kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na kikoba chenyewe tunakivunja, yaani tunagawana akiba, katika mwezi mbaya kuliko yote.

Nianzie dukani. Wateja wananiita Mangi, kama wanavyowaita wenye maduka wa Kichagga, ingawa mimi ni mwanamke wa Tanga, na Moshi sina hata shangazi. Nauza vitu vya kila siku: unga, mchele, sukari, mafuta ya kupima, sabuni ya mche, viberiti, vocha, na mkaa wa kopo pale pembeni ya mlango. Sukari kilo moja ni 3,000, robo ni 800. Anayechukua robo leo, robo kesho, mpaka zitimie nne, amenilipa 3,200 kwa kilo ileile. Mafuta ndiyo zaidi. Lita ni 5,000, lakini kwa wanaokuja na kikombe wakitaka ya 500, lita hiyohiyo inatoka vipimo 12, yaani 6,000. Nayasema haya dhidi ya tumbo langu, maana faida yangu nzuri iko kwenye robo na vipimo, haiko kwenye kilo.

Mtu akiisikia hesabu hiyo atasema watu wa hali ya chini hawajui kununua. Wanajua sana. Kijana wa bodaboda ambaye hela yake anaipata usiku, akishapeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki, atanunuaje sukari ya mwezi? Ananunua ya chai ya kesho asubuhi, na ana akili timamu. Kumwambia anunue kwa jumla ni kumtania, mpaka ifike siku ameshika fedha nyingi kwa mkupuo. Siku hiyo, kwa wengi wetu huku, ni moja tu kwa mwaka: siku ya kuvunja kikoba. Ndiyo maana naona tarehe ya siku hiyo ina uzito kuliko bajeti yoyote ya kuandikwa kwenye daftari.

Kwa ambao hawajawahi kukaa kwenye kikoba, sisi tunakwenda hivi. Hisa ni 2,000, na kila Jumamosi mwanachama ananunua kuanzia moja hadi tano. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa kusaidiana misiba na ugonjwa, kuna faini za kuchelewa na za simu kulia kikaoni, na kuna mikopo inayorudi na riba ndogo ambayo mwisho wa mwaka inakuwa faida yetu wenyewe. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mwenye kujikaza akanunua hisa tano kila wiki anaondoka na nusu milioni na faida juu yake. Kwa mama wa vitumbua, hizo ni fedha asizoziona pamoja kwa njia nyingine yoyote.

Vikundi vingi ninavyovijua huku kwetu vinavunja kati ya tarehe 10 na 20 Desemba. Hakuna sheria inayosema hivyo. Mfumo huu wa sanduku ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini, na ulivyosambaa mgao umekuwa ukiachwa kwa wanachama waupange kwa wakati ambao familia ina shida zaidi ya fedha, kama msimu wa kulima au watoto wanaporudi shule. Sisi wa mjini tumeuweka Desemba kwa sababu mwaka unaisha na pilau iko njiani. Basi.

Sasa angalia fedha hizo zinaangukia wapi. Wiki ile ya mgao Kariakoo haipitiki. Gauni la mtoto ambalo Oktoba lilikuwa na bei ya kuongea, Desemba mwenye fremu anakutajia bei huku anamtazama mteja aliye nyuma yako. Kuku wa kienyeji anapanda. Tiketi za mikoani, kwa aliyechelewa kukata, anazipata kwa mlanguzi pale stendi ya Mbezi, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ikipiga kelele mlanguzi anahama geti. Halafu kuna michango ya harusi. Siku hizi watu wanaoa Desemba kama vile miezi mingine imefungwa. Ahadi ulizoandika Agosti kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu kila mtu alikuwa anaandika, zote zinaiva wiki moja, na mweka hazina wa kamati anajua vizuri kikoba chako kinavunjwa lini. Mimi michango siipingi, nimeozesha na nimechangiwa. Ila kadi ya watu wawili ya 100,000 kwa mtu anayenunua mafuta ya 500 ni jambo ambalo kamati zinapaswa kulionea haya.

Hata wenye mishahara hawajanusurika. Mshahara wa Desemba mara nyingi unawahishwa ili watu wale sikukuu. Ukitoka tarehe 20, na unaofuata ukatoka tarehe 25 Januari, hapo katikati kuna siku 36. Watu wanaita Januari mwezi dume, wanacheka, lakini dume lenyewe tumelilisha wenyewe.

Na Januari haina huruma. Shule zinafunguliwa wiki ya pili. Ni kweli kuanzia 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Ile 20,000 ya shule za kutwa na 70,000 ya bweni hatuilipi tena, na serikali inastahili shukrani kwa hilo. Lakini mzazi ambaye mwanawe amechaguliwa kidato cha kwanza aje na fomu ya kujiunga niisome naye hapa kaunta, maana huwa nasomeshwa fomu hizo kila mwaka: sare jozi mbili, sweta, viatu vyeusi vya kamba, kaunta buku, rimu ya karatasi, ndoo, fagio la chelewa, jembe, na kama ni bweni, godoro na trunki. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita. Na kwetu Waislamu, Ramadhani inawahi kwa siku kama 11 kila mwaka, na miaka hii imetuangukia Februari na Machi. Hujamaliza kulipia ndoo na fagio, tende na tambi zinakuita.

Hapo ndipo daftari langu la madeni linapofunguliwa. Nimebandika ukutani karatasi ya "Leo fedha taslimu, mkopo kesho", na kila mtu anaisoma, kisha ananiambia, "Mangi, mimi siyo mtu wa karatasi hiyo." Wengine wanakuja na bondi. Januari moja nililetewa sabufa mpya, bado na nailoni yake. Zikaja simu. Siku moja akaja baba mmoja, mtu mstaarabu, fundi rangi, akaweka juu ya kaunta jozi ya viatu vya mtoto wa miaka mitano au sita. Alitaka kilo tano za unga na maharage. Nikavigeuza. Kwenye soli kulikuwa na kipande cha karatasi ya bei, 35,000, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu, na soli yenyewe imechafuka sehemu ya kisigino tu. Viatu vilikuwa vimetembea kwenda kanisani na kurudi, na labda kwa bibi. Nikamwambia avirudishe nyumbani, nikaandika unga kwenye daftari. Alilipa mwezi wa tatu. Lakini nilikaa nawaza, kwa sababu baba huyo alikuwa mwanachama mwenzetu, na mwezi mmoja kabla nilimhesabia mimi mwenyewe fedha zaidi ya laki nne.

Mtu asifikiri alizinywea. Alimvisha mke na watoto, akapeleka nyumbani kwao nauli na mchele, akalipa ahadi mbili za harusi, akanunua kitanda. Matumizi yote hayo ukiyachukua moja moja huoni la kumlaumu. Kasoro ni kwamba zile laki nne zilimfikia wakati mahitaji ya lazima yalikuwa bado hayajafika mlangoni, na ya hiari yalikuwa yameshakaa sebuleni.

Ambaye hana hata viatu vya kuweka bondi anakwenda kwa wale tunaowaita kausha damu. Unachukua 100,000, baada ya siku 30 unarudisha 130,000, na wanakaa na kadi yako ya benki au hati ya kiwanja. Au anaingia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na nilifurahi kuliko waliokopa, maana mimi ambaye sijawahi kuomba mkopo kwenye simu nilishapokea ujumbe unaonitaka nimwambie mteja wangu alipe, la sivyo atatangazwa kuwa ni tapeli. Namba yangu waliitoa kwenye simu yake. Mke wake alipokea, bosi wake akapokea, na Mangi naye akapokea. Deni lenyewe, aliponionyesha, lilikuwa la 60,000, alizikopa kwa ajili ya sare.

Tulipoanza kuzungumza kikundini juu ya kuhamisha mgao, kikao kilichemka kweli. Hoja ilikuwa yangu kama mweka hazina: mgao uwe Jumamosi ya kwanza ya Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Wa kwanza kunijibu alisema, hela ni yangu, unanipangia wewe kama nani? Sikuwa na jibu zuri. Wa pili akasema mwenye duka anataka tusherehekee kwa mkopo wake ili atubane Januari. Hilo liliniuma, lakini alikuwa na haki ya kuliuliza, na mbele nitaeleza tulivyolimaliza. Aliyenigusa ni mama mmoja wa chapati, ambaye kwa kawaida hasemi kikaoni. Alisimama akasema, "Mwaka mzima nanuka moshi. Siku moja nisinukie manukato?" Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Nataka wanaotuandikia ushauri magazetini wamsikie mama yule. Sikukuu ina haki yake. Mtoto wa uswahilini anakaa na wenzake kibarazani, na siku ya Krismasi au Idd nguo ndiyo salamu. Asiyekuwa nayo anabaki ndani, na ule unyonge haufutwi na maelezo kwamba baba anaweka akiba. Ukimwambia mzazi asinunue kitu, atakuitikia "sawa," kisha atakwenda kukopa anunue. Kwa hiyo mpango wowote usioacha nafasi ya gauni na pilau ni mpango wa kwenye karatasi.

Tulikubaliana hivi. Pilau tumeitoa kwenye mgao kabisa. Kila mwanachama anatoa 2,000 ya ziada kila wiki kuanzia Februari, na fedha hizo hazikopeshwi. Mchele tunanunua Agosti kwenye soko la Tandale, kwa magunia, wakati mavuno ya mpunga bado yamejaa mjini na bei haijachangamka. Mafuta tunachukua kwa ndoo za lita 20, sukari kwa mifuko. Wiki moja kabla ya Krismasi kila mtu anabeba kilo kumi za mchele, lita tatu za mafuta, kilo tatu za sukari, na kilichobaki tunakwenda nacho mnadani Pugu kununua ng'ombe, tunagawana nyama kwa kilo. Waislamu wa kikundi, ambao tuko karibu nusu, tuliulizwa kama tunataka chetu kisubiri Idd. Wengi tulisema mchele hauna dini, tupewe siku ileile. Wachache waliweka chao.

Kazi ya kununua ilipewa kamati ya watu watatu, na katiba inasema asiwemo mwenye duka. Ndivyo lilivyomalizwa lile swali la kwamba nataka kuwauzia mchele wangu. Nimepoteza mauzo ya Desemba ya nyumba 30, nakiri nayaona yanavyokosekana. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nauza Desemba halafu nakopesha Januari na Februari, na deni la Januari huwa linalipwa mvua za masika zikikaribia, likilipwa. Mfanyabiashara mwenzangu afanye hesabu hiyo kabla hajaniona mjinga.

Kuhusu mgao wenyewe, asilimia 20 inatoka Desemba kwa ajili ya nguo, nauli na manukato ya mama wa chapati. Asilimia 80 inatoka Jumamosi ya kwanza ya Januari. Mikopo yote inarudi kufikia mwisho wa Novemba na hakuna mpya hadi mgao, maana bila hivyo watu wangeikopa ile 80 yao wenyewe. Kwa kuwa sanduku lenye fedha nyingi wakati wa sikukuu ni kualika wezi, zote zinakwenda benki kwenye akaunti ya kikundi, yenye watia saini watatu. Sandukuni zinabaki daftari na mihuri.

Lililonishangaza ni nauli. Sikulitarajia. Watu walipojua kwamba Desemba watashika asilimia 20 tu, walianza kukata tiketi Oktoba na Novemba, kwa bei halali, wengine wakachagua treni ya Moshi ile iliyorudi Desemba 2019. Na wapo walioamua kwenda nyumbani Juni, shule zikifungwa, wakati basi lina nafasi na mama kijijini ana muda wa kukaa nao. Mmoja aliniambia mama yake alifurahi zaidi, kwa sababu Desemba wanakuja watoto wote saba na hapati kuongea na yeyote.

Siyo kwamba mambo yote yamenyooka. Mwaka wa kwanza wanachama wawili walikwenda kwa kausha damu katikati ya Desemba wakaweka rehani mgao wao wa Januari, na mkopeshaji akaja mwenyewe kukaa mlangoni siku ya kugawa. Tulimlipa, tukawapigia kura ya kubaki, wakabaki kwa shida. Mmoja alijitoa akajiunga na kikundi cha mtaa wa pili kinachovunja tarehe 12 Desemba, na bado tunasalimiana vizuri. Na kwa mtu ambaye hana mtoto wa shule wala nyumba ya kupanga, labda Desemba inamfaa zaidi. Sina la kumwambia.

Ombi langu ni kwa maofisa maendeleo ya jamii. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama vyetu vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri, na kila kimoja kinapeleka katiba yake. Mnatuuliza majina ya viongozi, mnatuuliza hisa na riba. Hebu tuulizeni pia: mgao wenu ni tarehe ngapi, na kwa nini? Swali hilo tu lingewafanya wengi waende kufikiri, maana najua vikundi vilivyoandika Desemba kwa kunakili katiba ya kikundi kingine.

Na kwa wenzangu wenye vikoba, kama chenu kinavunjwa mwezi ujao bado mna Jumamosi kadhaa mbele yenu. Kwetu kubadili kipengele cha mgao kulitaka kura za theluthi mbili, na kikao kimoja kilitosha, ingawa kilikuwa kirefu na chai iliisha. Tuliandika muhtasari, tukaupeleka kata, ukapokelewa. Gawaneni asilimia mnazotaka, siyo lazima ziwe kama zetu. Ila kazi ya kununua mchele msimpe mweka hazina mwenye duka.

Wako,
Mwenye duka, Kiwalani
Dar es Salaam